Ukomo wa hedhi: umri na tiba ya homoni

Ukomo wa hedhi huthibitishwa mwanamke anapokaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, bila ya mimba, kunyonyesha wala maradhi. Wengi duniani huufikia kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya 45 huitwa wa mapema; kabla ya 40 huhitaji uchunguzi wa daktari.

Mambo yanayoathiri umri

Urithi una uzito mkubwa: aghalabu binti humfuata mama. Sigara huuwahisha kwa takriban mwaka mmoja hadi miwili. Waliozaa mara nyingi kwa kawaida huchelewa, na wembamba uliopindukia huuleta mapema. Kuondolewa ovari zote mbili huuleta papo hapo. Kuondolewa kizazi pekee hukatisha damu tu, ovari zikiendelea na kazi. Hapa wengi hukosea.

Umri wenyewe ni mgumu kuupata. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa Kenya, ukiwemo wa 2022, huhoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, na huwaacha palepale jambo hili linapoanza. Hilo ni pengo kubwa mno. Huko Idsowe, ukingoni mwa Mto Tana jirani na Garsen, bibi asiye na cheti cha kuzaliwa huweza kuukadiria umri huo kwa mafuriko: El Niño ya 1997 ilipozamisha mashamba, kitindamimba alikuwa mgongoni au ameshaanza kutembea?

Tiba ya homoni

Estrojeni hutuliza joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu ukeni, na hulinda mifupa. Mwenye kizazi huongezewa projestojeni, kwa kuwa estrojeni peke yake huchochea saratani ya ukuta wa kizazi.

Mwaka 2002 utafiti wa Women's Health Initiative wa Marekani ulisitisha sehemu yake ya homoni hizo mbili, yenye wanawake 16,608. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, saratani ya matiti iliongezeka kwa wagonjwa 8 na kiharusi kwa 8, huku mivunjiko ya nyonga ikipungua kwa 5. Hofu ilienea kote, ingawa wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa kwa wenye dalili kali walio chini ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi kukoma, faida kwa kawaida huzidi madhara. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu kwa kawaida hapewi.