Mgeni wa meli ana saa ngapi? Kutoka Kilindini hadi Kilifi na Malindi kwa siku moja

Kila msimu wa kaskazi unapokaribia, simu yangu huanza kulia. Ni vijana wa Malindi, Watamu na Kilifi wenye gari au mashua, na swali lao ni moja: meli ya watalii ikifunga gati Mombasa, sisi wa huku tunawapataje wale wageni? Nimewajibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Leo naandika yote mahali pamoja.

Nilitandika vyumba kwenye meli za kitalii kwa mikataba minne. Miwili kati ya hiyo ilikuwa Ulaya ya kaskazini: Norway, Denmark, Uswidi, Ufini, Estonia na pwani ya Ujerumani. Tangu nirudi nyumbani nina gari la abiria saba, na wageni wangu nawapokea nje ya lango la bandari.

Kwanza tuelewane ni mgeni yupi. Meli ikifika, abiria hugawanyika mafungu matatu. Wako wasioshuka kabisa. Wanabaki kuota jua na kula. Wako walionunua matembezi ya meli yenyewe, na hao huingia kwenye magari yaliyopangwa na kampuni kubwa tangu miezi nyuma, wengi wakipelekwa Tsavo Mashariki au Fort Jesus. Fungu la tatu ni wale wanaoshuka kwa mipango yao wenyewe, gari lao na ratiba yao, kwa sababu wanataka kulipa kidogo na kukaa wanapopenda. Hawa ndio wetu.

Tofauti moja kati ya fungu la pili na la tatu ndiyo iliyobeba kazi yote. Basi la matembezi ya meli likikwama njiani, meli hulingoja. Mgeni aliyetoka kivyake akichelewa, meli hung'oa nanga. Pasipoti yake ikiwa melini, huachiwa ajenti wa meli pale bandarini, na yeye hujigharimia kuifuata bandari inayofuata. Ikiwa ni Zanzibar, ana nafuu. Ikiwa ni Shelisheli au Nosy Be kule Madagaska, hapo ni kilio.

Kule kaskazini wageni hutoka kivyao bila wasiwasi mwingi kwa sababu mji uko mlangoni. Tallinn, kutoka melini hadi kuta za mji wa kale, ni mwendo wa miguu wa kama dakika ishirini. Bergen ni vivyo hivyo. Flåm, kijiji kidogo mwishoni mwa ghuba nchini Norway, treni huanzia karibu na gati na kupanda mlima kwa muda wa saa moja hivi hadi Myrdal, mita 867 juu ya bahari. Ukirudi unaiona meli yako kwa macho.

Lakini ipo bandari moja ya Ujerumani, Warnemünde, ambayo kwenye ratiba za meli nyingi huandikwa “Berlin”. Kumbe Berlin iko mbali, treni huchukua karibu saa tatu kwenda na karibu saa tatu kurudi. Jioni tulikuwa tukisimama kwenye reli ya meli tukiwatazama wageni wakikimbia, mifuko inaruka, na wenzao juu wakiwapigia makofi. Sisi wafanyakazi tulicheka. Nisingecheka kama ningejua kwamba siku moja mimi ndiye nitakayewachelewesha.

Kwa maana Malindi kwa Mombasa ni kama Berlin kwa Warnemünde. Jina ni kubwa. Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, twiga wa Malindi alifikishwa China mwaka 1415, na mgeni amesoma hayo yote kabla hajatoka kwao. Ila Malindi haina gati la meli kubwa. Meli hufunga Kilindini, na kutoka pale hadi kwetu ni kama kilomita 120, ukipita daraja la Nyali, Bamburi, Mtwapa na Kilifi.

Hebu tupige hesabu. Meli imefunga saa moja asubuhi. Mpaka wageni waruhusiwe kushuka na wakufikie nje ya lango, ni saa mbili na nusu. Amri ya kuwa melini ni saa kumi na moja jioni. Mimi nataka niwe langoni saa kumi kamili, yaani nina saa moja ya akiba. Malindi ni saa tatu za njia ukiweka foleni, kwa hiyo utafika saa tano na nusu na lazima uondoke saa saba. Mgeni amekaa garini saa sita ili akae Malindi saa moja na nusu. Gede ni saa mbili na nusu. Anapata saa mbili na nusu pale. Kilifi weka saa mbili. Anapata saa tatu na nusu, na njia ya kurudi ni fupi.

Niliijua hesabu hiyo na bado nikaivunja. Walikuwa mke na mume wastaafu kutoka Uholanzi, na mzee alitaka kuiona nguzo ya Vasco da Gama kwa macho yake. Nikasema inawezekana. Pesa ilikuwa nzuri, sitaficha. Nguzo tuliiona, picha zikapigwa, mzee akataka na kanisa dogo la Wareno, nikampa dakika ishirini ambazo hazikuwa zangu. Saa tisa na dakika arobaini tukafika karibu na Mtwapa, na magari yamesimama kabisa. Lori lilikuwa limelala barabarani. Nikampigia ajenti wa meli, naye akanijibu kwa upole kwamba meli haitangoja. Mwisho niliita bodaboda mbili, nikamwachia gari kijana mmoja ninayemjua pale, nikapanda nyuma ya bibi ili nimshikilie asianguke. Helmeti ilikuwa moja. Tulifika langoni saa kumi na moja kasoro dakika tano. Mzee alinishika mkono akacheka. Bibi hakuniangalia usoni.

Tangu siku hiyo, meli inayolala bandarini chini ya saa kumi na mbili, simchukui mgeni kupita Gede. Akisisitiza Malindi namwambia akanunue matembezi ya meli. Wapo wenzangu wanaosema nafukuza riziki. Labda. Lakini wageni wa meli moja hula meza moja, na habari ya mtu aliyeachwa Mombasa hufika bandari zote kabla yetu. Na meli zenyewe hatuna za kuchezea. Mwaka 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit nje ya pwani ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, mwaka 2009 wakaijaribu MSC Melody karibu na Shelisheli, na baada ya hapo tulikaa miaka bandari ikipokea makontena na wageni wa kuhesabu vidoleni.

Kilifi basi kuna nini? Kuna mengi kuliko tunavyoyauza. Magofu ya Mnarani yako juu ya jabali upande wa kusini wa mto, yana msikiti wa kale, kaburi la mnara na mibuyu, na kutoka pale mgeni analiona daraja lililofunguliwa mwaka 1991, na chini yake mahali ambapo zamani tulingojea feri. Hadithi ya feri wanaipenda kuliko historia ya wafalme. Kisha mashua kidogo mtoni, kisha wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mgeni anarudi ameshiba na hana jasho la wasiwasi.

Gede ni kwa wale wenye nia na magofu. Tangu Julai 2024 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na jina hilo wageni wanalijua. Waonyeshe visima, vyoo na jumba la mfalme, uwaambie kuhusu vyombo vya China vilivyofukuliwa pale. Waambie pia wafunge mifuko, kima wa Gede hawana adabu. Ukiwa na nafasi, Dabaso iko karibu, na pale Mida mgeni anapita kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko. Hapo angalia maji kabla ya kuahidi. Bahari ya Baltiki karibu haina kupwa na kujaa, kwa hiyo mtu aliyezoea kule haelewi kwa nini mashua aliyoambiwa imekaa juu ya matope.

Sasa saa. Usichukue miadi kwa mdomo. Mgeni akisema “five”, dereva mwingine akilini anasikia saa tano, na nimeona gari likija asubuhi kumchukua mtu wa jioni. Andika kwa tarakimu, 17:00, mwonyeshe, akubali. Kisha muulize saa ya meli inasemaje, kwa sababu meli nyingine haibadilishi saa zake kufuata nchi, na saa moja ya tofauti inatosha kumwacha mtu gatini. Karatasi ya ratiba anayopewa mgeni kila siku ina saa ya mwisho na simu ya ajenti. Ipige picha kabla hamjaondoka.

Gari lisilo na kibali cha bandari haliingii ndani, kwa hiyo kubalianeni mahali pa kukutana nje ya lango. Leseni ya utalii na bima ya abiria ziwe garini. Bei itaje kwa gari zima, si kwa kichwa, na useme wazi kama kiingilio cha magofu kimo au hakimo. Duka la vinyago usimpeleke kama hakuomba. Dakika hizo ni zake, na ni chache.

Meli ikilala usiku mmoja, mambo hubadilika. Hapo mchukue mgeni mapema siku ya kwanza, mfikishe Gede, alale Malindi au Watamu, asubuhi aone nguzo na soko, na saa nne muwe mmeshaondoka. Ila kwanza ahakikishe na dawati la meli kwamba anaruhusiwa kulala nje, na pasipoti atoke nayo.