Maziwa ya nani kwenye kahawa?

Hapa Nyundo ukikaribishwa kahawa utaulizwa swali moja: na maziwa ama bila? Siku hizi limeongezeka swali la pili, hasa kule Gisenyi kwenye mahoteli ya kando ya ziwa: maziwa gani, ya ng'ombe ama ya soja? Kwa Wazungu wa mashirika ni swali la kawaida tu. Kwa watu wetu waliotoka Masisi na Rutshuru linaleta kicheko, na wakati mwingine hasira kidogo. Mama mmoja alinijibu hivi: "Miye siwezi kunywa iyo, iyo ni ya bagonjwa." Jibu lake lina historia ndani. Na soja yenyewe ina historia inayotuhusu sisi wakimbizi kuliko tunavyofikiri, ndiyo maana naandika.

Tuanze na kahawa, maana yenyewe sio ya babu zetu. Mapadri Weupe walifungua misioni ya Nyundo mwaka 1901. Miche ya kwanza ya kahawa inasemekana ilipandwa mwaka 1904 kwenye misioni ya Mibirizi, kusini magharibi ya Rwanda. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakawalazimisha wakulima kuipanda, na pesa yake ikaenda kwenye kodi. Mkulima aliichuma, hakuinywa. Mpaka leo sehemu kubwa ya kahawa ya Rwanda inauzwa nje, na hapa kwetu jirani ni mashamba ya chai ya Pfunda, sio ya kahawa. Kwa hiyo kahawa na maziwa ni desturi iliyotoka mezani kwa mapadri na wakubwa wa ofisi. Wazee wa Lamu na Zanzibar, ambao walianza kunywa kahawa zamani kabla yetu, wanainywa chungu kwenye vikombe vidogo, pembeni kipande cha kashata au tende. Maziwa ya mmea wanayo siku zote, ni tui la nazi, lakini hilo linaenda kwenye wali na samaki.

Maziwa ya ng'ombe ni habari nyingine kabisa. Katika nchi hizi hayakuwa kitu cha kuongeza kwenye kikombe. Yalikuwa chakula chenyewe, na ng'ombe alikuwa mahari, urafiki na heshima. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi sana Rwanda, na nyumba zilizokuwa na jina zikabaki na jina tu. Kuanzia 1937 serikali ya Wabelgiji ilihamisha familia kutoka Rwanda kwenda Masisi, nyingine zikalime kwenye mashamba ya wakoloni. Mwaka 1973 Mobutu alipochukua mali za wageni, mashamba mengi yakaingia mikononi mwa watu wenye nguvu, na vilima vingi vikawa malisho. Ndiyo Masisi ambayo wazazi wetu wanaisimulia: majani mabichi, ukungu asubuhi, na jibini inayoshuka mpaka Goma na Kinshasa.

Kisha vita. 1993, halafu 1996. Ng'ombe waliibwa, wakachinjwa, wakaliwa na wenye silaha. Watu waliovuka mpaka mwaka 1996 wengi walipelekwa Mudende, sio mbali na hapa, kwenye eneo la chuo kikuu cha Waadventista. Kambi hiyo ilishambuliwa mara mbili mwaka 1997, mwezi wa nane na wa kumi na mbili, watu wengi wakafa, na waliobaki wakahamishiwa Gihembe. Mtu aliyepita njia hiyo, ukimwambia kwamba kuna maziwa yanayotoka kwenye punje, hasikii habari ya lishe. Anasikia kwamba hata ng'ombe sasa amefutwa kwenye kumbukumbu. Wafanyakazi wa mashirika, naomba mlijue hilo kabla ya kuleta karatasi yenye picha za protini.

Lakini na sisi tusimfanye ng'ombe kuwa malaika. Angalieni juu ya Nyundo, kule Gishwati. Miaka ya 1970 ulikuwa msitu wa hekta kama 28,000. Miaka ya 1980 mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia uligeuza sehemu kubwa kuwa malisho na misonobari, na baada ya 1994 familia zilizorudi nchini na ng'ombe wao zilikaa humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu wenyewe ulikuwa umebaki hekta kama 600. Mlima uliovuliwa nguo haushiki maji. Mto Sebeya unatoka huko, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 uliingia majumbani. Mvua ya usiku ule iliua zaidi ya watu 130 katika Magharibi na Kaskazini ya nchi. Sisemi ng'ombe ndiye aliyeleta mvua. Nasema maziwa nayo yana bei ambayo haiandikwi kwenye bidoni. Utafiti wa Poore na Nemecek, uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2018, ulikuta kwamba kwa wastani wa dunia lita moja ya maziwa ya ng'ombe inatumia karibu mita 9 za mraba za ardhi, na ya soja haifiki mita 1. Ila soja haipendi baridi ya Gishwati, kwa hiyo msidhani tutang'oa majani kesho tupande soja pale.

Sasa nije kwenye soja. Wachina walikuwa wanakunywa maziwa yake zamani sana. Lakini kuyaweka kwenye chupa na kuyauza kama maziwa ni jambo la juzi, na mmoja wa waliolianzisha alilipatia kambini. Mwaka 1937 kijana mfanyabiashara wa Hong Kong, K. S. Lo, alikuwa Shanghai akasikiliza hotuba ya Mmarekani Julean Arnold, aliyeiita soja ng'ombe wa Uchina. Mwaka uleule Japani ikaivamia Uchina, na wakimbizi wakamiminika Hong Kong. Lo alitembelea kambi yao akaona watu wamevimba miguu kwa ugonjwa wa beriberi na watoto wamekosa chakula cha maana. Akatafuta soja, jiwe la kusagia na sufuria, akawaonyesha wakimbizi namna ya kujitengenezea maziwa. Mwaka 1940 akafungua kiwanda, Vitasoy. Siku ya kwanza waliuza chupa 9, zikipelekwa mlangoni kwa baiskeli.

Biashara ilikuwa ngumu, na Wajapani walipoiteka Hong Kong mwishoni mwa 1941 kiwanda kikafungwa. Kilirudi baada ya vita. Kilichonifurahisha ni hiki: mwanzoni chupa ile ilitangazwa kama maziwa ya asiyeweza kununua maziwa, na watu hawakuikimbilia. Miaka ya 1950 waliiuza kama soda, madukani, kitu cha kunywa na marafiki, ndipo ikapendwa. Njaa ilikuwapo toka mwanzo, lakini nani anataka kubeba chupa inayomtangaza kuwa maskini?

Kwetu soja iliingia kwa mlango wa hospitali. Kivu, mama mwenye mtoto wa kwashiorkor alifundishwa kuchanganya mahindi, mtama na soja, ule unga tunaouita masoso. Rwanda wanauita sosoma, ni maneno yaleyale yamegeuzwa tu. Kambini ukaja unga wa mahindi na soja wa PAM. Na wengi wanauliza: kwa nini maziwa ya unga, yale tunayoita Nido, hayagawiwi? Sababu sio uchoyo. Miaka ya 1970 ilijulikana kwamba maziwa ya unga yaliyochanganywa na maji machafu yanaua watoto wachanga, na kwamba yanawatoa kwenye ziwa la mama. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni juu ya biashara ya vyakula hivyo, na HCR nayo ina sheria zake za kuzuia unga wa maziwa usigawiwe ovyo kambini. Mtoto mchanga, soja sio yake vilevile. Tunaongelea kahawa ya watu wazima.

Kwa mtu mzima, mwili nao una historia. Mwaka 1974 watafiti Cox na Elliott walichapisha kazi waliyoifanya kuzunguka Ziwa Kivu, Rwanda na Bushi. Waliona wenye asili ya ufugaji wengi wanayamudu maziwa mabichi, na wenye asili ya kulima wengi yanawasumbua tumbo. Mashanza yanasumbua kidogo, kwa sababu yameshachacha na sukari ya maziwa imepungua. Kwa hiyo yule kijana anayesema maziwa yanamnyanyasa hajidekezi, na mzee anayekunywa nusu lita bila shida sio shujaa.

Miye kwa kahawa nachagua hivi. Kama kuna maziwa freshi ya ng'ombe yaliyochemshwa, na tumbo langu limetulia, nachukua hayo, kwa sababu utamu wake unashinda. Kama hakuna, soja ya nyumbani naiheshimu. Unailoweka usiku, unaitoa maganda, unaisaga, unaichuja kwa kitambaa, halafu unaichemsha vizuri, hata dakika 20, kwa sababu soja isiyoiva inadhuru tumbo. Protini yake inakaribia ya ng'ombe. Kalisi ni kidogo, na vitamini B12 haina. Usiimwage baridi kwenye kahawa ya moto, itakatika vipande kwa sababu ya ile asidi. Ipashe kwanza, kisha mimina kahawa juu yake pole pole. Na anayetaka kutia mashanza kwenye kahawa, huyo hata historia haimsaidii, yataganda hapohapo mbele ya macho yake.