Faili Lililohamishwa Halijapotea: Namna ya Kulipata Katika Mtandao wa Kompyuta

Mwananchi anayefuatilia huduma katika ofisi ya umma anaweza kuelezwa kuwa faili lake halionekani kwenye mfumo. Jibu hilo pekee halithibitishi kuwa faili limefutwa. Huenda limehamishiwa kwenye seva nyingine, ilhali kompyuta ya mhudumu bado inalitafuta katika anwani ya zamani.

Mfumo wa mafaili wa mtandao huiwezesha kompyuta kusoma mafaili yaliyo kwenye seva kana kwamba yamo ndani yake yenyewe. Katika mfumo wa NFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984, seva hulipatia kila faili kitambulisho chake. Faili likihamishiwa seva nyingine, kitambulisho hicho hukoma kufanya kazi na mtumiaji huoneshwa ujumbe wa hitilafu.

Toleo la nne la NFS limepunguza tatizo hilo, kwani seva ya awali inaweza kujibu kuwa mafaili yamehama na kutaja yaliko sasa. Mfumo wa AFS, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, hutumia orodha kuu inayoonesha seva inayohifadhi kila kundi la mafaili. Kwa hiyo, jina analotumia mtumiaji halibadiliki hata mafaili yanapohamishwa.

Mtumishi asiyeliona faili anashauriwa kuzingatia hatua zifuatazo:

1. Kuangalia iwapo anwani ya zamani imeachiwa kiungo kinachoelekeza kwenye anwani mpya.
2. Kutafuta kwa jina au kumbukumbu namba katika seva zote, badala ya kutegemea folda moja.
3. Kuhakiki ruhusa zake, kwa kuwa faili linaweza kuwapo lakini ruhusa ya kulifungua haikuhamishwa pamoja nalo.
4. Kumwomba msimamizi wa mfumo akague nakala rudufu.

Faili jipya lisifunguliwe kabla ya hatua hizo kukamilika, kwani mwananchi mmoja akiwa na mafaili mawili yanayotofautiana, haki yake inaweza kucheleweshwa.

Kwa upande wake, mwananchi atunze kumbukumbu namba, tarehe ya kuwasilisha maombi na stakabadhi zake. Nchini Tanzania, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa mamlaka inayoimiliki, nayo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30.