Ugonjwa Uliopewa Jina la Mji Wetu

Kuna ugonjwa unaoitwa Nakuruitis. Si utani wa mtandaoni. Uko kwenye vitabu vya madaktari wa mifugo. Mimi nimezaliwa Nakuru, nikasomea Nakuru, nikaacha chuo huku huku, na hakuna aliyewahi kuniambia. Niliupata nikitafuta kitu kingine kabisa: kwa nini nyayo za mathe zilikuwa zimekufa ganzi.

Mathe nitamrudia. Tuanze na ng'ombe.

Mwaka 1903, serikali ya kikoloni ilimkodisha Lord Delamere ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Mwaka uliofuata ukaja mkataba na Wamaasai, uliowatoa kwenye malisho ya Bonde la Ufa karibu na reli, Naivasha hadi Nakuru, ili masetla wapate nafasi. Wengine walipelekwa kusini, wengine Laikipia. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawaondoa Laikipia pia. Waliobaki na nyasi walikuwa wageni na seng'enge zao.

Nyasi zenyewe zilikuwa za kupendeza. Lakini Delamere alipoleta kondoo wa merino kutoka New Zealand na kuwaweka Njoro, walikufa kwa wingi. Baadaye alijijenga upya Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita.

Si Delamere peke yake aliyehangaika. Kuna mashamba karibu na Nakuru ambapo ng'ombe alisimama katikati ya nyasi tele akikataa kula. Alikonda hadi mbavu zikahesabika. Manyoya yalikakamaa, ufizi ukapauka kwa kukosa damu, na mwishowe alianguka. Ajabu ni kwamba ukimhamisha mapema, ukampeleka malisho ya mbali kidogo, alianza kula na kunenepa. Hakukuwa na kupe wa kulaumu wala mdudu wa kuonekana kwa hadubini. Ikawa kana kwamba anayeumwa ni shamba. Ndipo ugonjwa ukaitwa jina la mji.

Fikiria hapo kidogo. Dawa iliyofanya kazi ilikuwa kuhama. Wafugaji waliofukuzwa walikuwa wakihama kwa sababu nyingi: maji, nyasi, magonjwa, misimu. Sisemi walijua kemia ya udongo. Nasema kundi linalozunguka halili udongo wa aina moja mwaka mzima, na mwili wa ng'ombe huweka akiba ya miezi kadhaa. Seng'enge ilipokata njia, akiba ikaisha.

Sayansi ilichukua muda mrefu kufika hapo. Miaka ya 1920, Taasisi ya Rowett ya Scotland, chini ya John Boyd Orr, ilikuwa ikichunguza madini kwenye malisho ya makoloni, Kenya ikiwemo. Kwa muda kidole kilielekezwa kwa chuma, maana ng'ombe walikuwa hawana damu. Mwaka 1935, watafiti wa Australia waliokuwa na ugonjwa kama huo kwao waligundua kwamba tatizo ni kobalti. Zile dawa za chuma zilizokuwa zikisaidia hapa na pale zilisaidia kwa sababu zilikuwa na uchafu kidogo wa kobalti ndani yake. Udongo wetu wa majivu ya volkeno, mahali pengine, hauna ya kutosha.

Lakini kobalti hufanya nini? Jibu lilikuja 1948, vitamini B12 ilipopatikana ikiwa safi, fuwele nyekundu. Katikati ya kila molekuli kuna atomu moja ya kobalti. Bakteria walio tumboni mwa ng'ombe huchukua kobalti ya nyasi na kutengeneza B12. Ng'ombe huitumia, na sisi tunaipata kwake, kwa nyama na maziwa. Sukuma wiki ina mengi mazuri, lakini B12 haina.

Bila B12, mwili haujengi chembe nyekundu za damu vizuri, na neva huanza kuharibika. Pia homosisteini hupanda damuni, hali ambayo imehusishwa na damu kuganda ndani ya mishipa. Na si B12 tu. Iodini ikikosekana, tezi ya shingoni haiwezi kutengeneza homoni zake. Vitamini K ikikosekana, kidonda hakiachi kutoka damu. Vitu vidogo hivi, ukivihesabu kwa gramu havionekani.

Sasa mathe. Ana kisukari, na kwa miaka mingi ametumia metformini. Dawa hiyo ni nzuri, imemweka hai. Lakini ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza B12 inayoingia mwilini. Ini la binadamu huweka akiba ya miaka, si miezi, kwa hivyo upungufu huja polepole kama deni la dukani. Alikuwa anachoka. Ganzi ikaanza vidoleni. Sote tulisema ni sukari, ni uzee. Mpaka daktari mmoja kijana akaagiza B12 ipimwe. Ilikuwa chini sana.

Hakuacha metformini, na wewe usiache yako. Uliza tu kama umewahi kupimwa, kwa sababu neva zikikaa sana bila B12, nyingine hazirudi.

Sindano yenyewe ni nyekundu. Siku ya kwanza mathe aliitazama akauliza kama ni damu. Nikamwambia ni dawa ya Nakuruitis. Akacheka, akadhani natania.

Wiki hiyo nilipita agroveti moja mjini nikaomba kuona gunia la chumvi ya ng'ombe. Kwenye orodha ya madini, karibu na mwisho, kobalti ilikuwepo, kiasi kidogo sana. Mzee mmoja alikuwa akinunua kilo mbili. Nikamuuliza kwa nini anawapa. Akasema, "Bila hiyo, kijana, hapa kwetu ng'ombe anakula na bado ana njaa."