Kadoti ka Bluu

Juzi simu ilinizimikia katikati ya msitu wa Karura. Kale kadoti ka bluu kanakonionyesha nilipo kakapotea, na mimi nikapotea nako. Mzaliwa wa Nairobi, niliyepita Jiografia vizuri pamoja na maswali yake ya kusoma ramani, nikasimama pale kama mgeni. Nilijitoa kwa kufuata kelele za magari ya Limuru Road. Aibu.

Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma kuhusu orientiringi, mbio za msituni za ramani na dira. Njia haijawekewa alama. Unapewa ramani yenye vituo vyenye nambari na unavitafuta kwa mpangilio. Kati ya kituo na kituo, shauri yako: utapanda kilima moja kwa moja, ama utazunguka na njia ya miguu? Na kumfuata aliye mbele si rahisi, kwa sababu mnaanza mmoja mmoja, kwa kupishana dakika.

Mwanzoni hii ilikuwa kazi ya wanajeshi. Huko Sweden, miaka ya 1880, maafisa walifunzwa kuvuka nchi wasiyoijua kwa ramani na dira. Kisha tarehe 31 Oktoba 1897, klabu ya Tjalve ikaandaa shindano la raia karibu na Oslo, ambao wakati huo uliitwa Kristiania. Walijitokeza wakimbiaji wanane tu.

Aliyeufanya mchezo kuwa wa wengi ni Ernst Killander, meja wa jeshi la Sweden na kiongozi wa skauti. Aliona vijana wamechoka na mbio za uwanjani. Badala ya kuwalaumu, akawapeleka msituni. Machi 1919, kusini mwa Stockholm, walikimbia zaidi ya watu 200. Miaka ya 1930 ikaja dira ya Silva ya ndugu wa Kjellström: sindano inaelea ndani ya kimiminika ili itulie haraka, na kitako chake kinaonyesha ramani iliyo chini. Sasa hata mtoto wa shule angeweza kuitumia. Kufikia 1961, nchi kumi ziliunda shirikisho la kimataifa.

Kinachonigusa ni hiki: ramani ilitoka mikononi mwa maafisa ikamfikia kijana wa kawaida. Kwetu imebaki kitu cha ofisini. Karura hii hii, mwishoni mwa miaka ya 1990, sehemu zake zilikuwa zimeshakatwa viwanja kwenye karatasi, miti ikiwa bado imesimama. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa akijaribu kupanda mti pale. Nina msitu wa kupotelea kwa sababu kuna watu waliojua karatasi zile zilisema nini, wakakataa.

Kadoti ka bluu huniambia niko wapi. Hakaniambii nani alichora mipaka inayonizunguka. Nimenunua dira. Jumamosi narudi Karura, na simu itakuwa mfukoni, imezimwa.