Bodi, bajeti na Pemba: Baraza la Wawakilishi linaweza kuzuia nini, na nini hapana?

Ikulu ikitangaza kwamba fulani ameteuliwa kuwa mwenyekiti wa bodi ya shirika la umma, taarifa inazunguka WhatsApp ndani ya dakika chache. Pongezi zinamiminika. Suali moja tu ndilo halipati jibu: nani amemhoji kabla hajapewa kazi?

Kwa Zanzibar jibu ni fupi. Aliyemteua ameshamaliza, na Baraza la Wawakilishi halimhoji mteuliwa wa bodi kabla hajaanza kazi. Nguvu ya Baraza ipo kwingine, kwenye pesa.

Kwa wakaazi wa Pemba, ambao sensa ya 2022 iliwahesabu kuwa zaidi ya 543,000, tofauti hiyo si ya wanasheria peke yao. Inaamua ni wakati gani mwananchi anaweza kusema kitu kikasikika, na wakati gani ameshachelewa.

Kwa ufupi:

- Mwenyekiti wa bodi kwa kawaida anateuliwa na Rais, na wajumbe wanateuliwa na waziri. Baraza halipigi kura.
- Bajeti, ikiwemo ya miradi ya maendeleo, haipiti bila kura ya Baraza.
- Baada ya pesa kutumika, Baraza linaweza kuwaita viongozi wa shirika wajieleze.
- Pemba ina majimbo 18 kati ya 50 ya Zanzibar.

Bodi zinaihusu vipi Pemba?

Anza na karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka Pemba, na mnunuzi halali ni mmoja tu: Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Mkulima hana dukani kwengine pa kupeleka. Akijaribu kuvusha kwa njia za panya, hiyo ni magendo na ni kosa.

Kwa hiyo vituo vya ununuzi vikichelewa kufunguliwa, au malipo yakisuasua katikati ya msimu, mkulima wa Mtambile au Konde hana pa kukimbilia. Anayesimamia shirika hilo ni menejimenti, na juu ya menejimenti kuna bodi.

Karafuu ni mfano mmoja tu. Umeme wa Pemba uko chini ya Shirika la Umeme, ZECO. Maji yako chini ya Mamlaka ya Maji, ZAWA. Bandari za Mkoani, Wete na Wesha ziko chini ya Shirika la Bandari. Uwanja wa ndege wa Chake Chake uko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Mtu anaweza kuishi siku nzima, kutoka kuwasha taa alfajiri mpaka kupanda boti jioni, akiwa mikononi mwa bodi nne au tano ambazo hajui wajumbe wake ni akina nani.

Uteuzi unakwendaje?

Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa Rais madaraka mapana ya kuteua viongozi wa Serikali. Sheria iliyoanzisha kila shirika ndiyo inaeleza bodi yake: wajumbe wangapi, sifa zao, muda wao, na nani anawateua. Mpangilio uliozoeleka ni Rais kuteua mwenyekiti, kisha waziri anayehusika kuteua wajumbe.

Hakuna hatua ya Baraza hapo katikati. Hakuna kikao cha kumuuliza mteuliwa kama ana maslahi katika kampuni inayouziana na shirika, au kama anakijua kisiwa atakachokihudumia.

Tanzania kwa jumla haina utamaduni mkubwa wa mabunge kuthibitisha majina. Bunge la Muungano linapiga kura kumthibitisha Waziri Mkuu, lakini mawaziri wengine na wenyeviti wa bodi hawapiti huko. Kwa Zanzibar, hata Makamu wa Pili wa Rais, ambaye ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali barazani, anateuliwa na Rais kutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza bila kura ya uthibitisho.

Wenzetu wanafanyaje?

Jirani wa karibu, Kenya, alichagua njia nyengine baada ya Katiba yake ya 2010. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu uteuzi wa umma inaweka utaratibu wa Bunge kumhoji mteuliwa pale Katiba au sheria inapotaka idhini yake. Tarehe ya usaili inatangazwa, na mwananchi mwenye pingamizi anaiwasilisha kwa maandishi chini ya kiapo. Agosti 2024, Bunge la Taifa lilimkataa Stella Soi Lang'at aliyependekezwa kuwa waziri wa jinsia, huku wenzake wakipita.

Mbali zaidi, jimbo la New York nchini Marekani limeweka kufuli mbili kwenye taasisi moja. Mwenyekiti wa MTA, mamlaka inayoendesha treni na mabasi ya jiji, anapendekezwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo. Mpango wa miaka mitano wa ujenzi nao unapita kwenye bodi ya mapitio yenye wawakilishi wa mabaraza mawili ya kutunga sheria.

Desemba 2024 wawakilishi hao waliurudisha mpango wa 2025 hadi 2029, wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 65, kwa sababu takriban nusu ya pesa haikuwa na chanzo kinachojulikana. Maafikiano ya fedha yalipatikana mwaka uliofuata.

Si kwamba usaili unamaliza tatizo. Kenya kwenyewe wananchi wanalalamika kwamba usaili mwingi ni wa kupita tu, chama chenye wajumbe wengi kinapitisha watu wake. Lakini walau suali linaulizwa hadharani, na jibu linabaki kwenye kumbukumbu. Zanzibar imebakiwa na kufuli moja, ya bajeti.

Kufuli ya bajeti inafanyaje kazi?

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Kabla ya hapo, wizara zinaandaa makadirio, Serikali inayapitia, na kamati za kudumu za Baraza zinayachambua. Mkutano wa bajeti unafanyika Chukwani, Unguja, na unaendelea hadi Juni.

Kila waziri anasoma hotuba ya wizara yake. Wajumbe wanachangia, kisha Baraza linakaa kama kamati ya matumizi na kupitisha fungu moja baada ya jengine. Hapo ndipo mjumbe anaweza kushikilia kifungu mpaka waziri atoe maelezo ya kutosha. Kwa mjumbe wa kawaida, hii ndiyo silaha yake kubwa.

Bajeti yenyewe ina mifuko miwili. Matumizi ya kawaida ni mishahara na uendeshaji. Matumizi ya maendeleo ni barabara, skuli, hospitali, gati, mabomba ya maji. Mzigo umekuwa mkubwa: bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya 2023/24 ilikuwa takriban Sh trilioni 2.8, na ya 2024/25 ikapanda hadi takriban Sh trilioni 5.18.

Kuna mipaka miwili ya kuijua.

Kwanza, mjumbe hawezi kusimama tu na kuongeza barabara ya jimboni kwake. Mapendekezo yanayogusa matumizi ya fedha za Serikali lazima yatoke upande wa Serikali. Mjumbe anaweza kubana, kuhoji na kukataa, lakini kalamu ya kuongeza hana.

Pili, kukataa kuna gharama. Baraza likigoma kupitisha bajeti, Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja, na wote wanarudi kwa wapiga kura. Ndiyo maana mvutano mwingi unaishia kwenye ahadi za waziri, si kwenye kura ya hapana.

Pesa imepita. Mbona barabara bado?

Hili ndilo suali la Wapemba wengi, na ni la haki. Kuidhinishwa si sawa na kupatikana. Kura ya Baraza inaipa Serikali ruhusa ya kutumia kiasi fulani. Kama mapato hayakufika au mkopo umechelewa, mradi unasubiri.

Miradi mikubwa ya Pemba kwa muda mrefu imetegemea pesa za nje. Mpaka 2010 kisiwa kilikuwa kinaishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo ndipo waya wa baharini kutoka Tanga ulipowashwa, kwa ufadhili mkubwa wa Norway. Barabara kadhaa za vijijini, kama ya Chwale hadi Kojani, zilijengwa kupitia mpango wa Marekani wa MCC uliomalizika 2013.

Kwa mikopo ya nje kuna hatua ya ziada, kwa sababu ni jambo la Muungano. Faili linapita Dodoma pia, si Zanzibar peke yake. Mtu wa Chake Chake aliyesubiri barabara ya Mkoani, yenye urefu wa kilomita 43.5, alisubiri milango yote hiyo ifunguke.

Ndiyo maana suali zuri wakati wa bajeti si "imetengwa shilingi ngapi?" peke yake. La pili yake ni hili: "mwaka jana zilitengwa ngapi, na zilizotoka kweli ni ngapi?" Tofauti ya namba hizo mbili inasema mengi kuliko hotuba.

Mlango wa nyuma wa kuifikia bodi

Mradi ukishakamilika, anayeuendesha mara nyingi ni shirika, na shirika lina bodi. Waya wa baharini ulikuwa mradi. Siku ulipowashwa ukawa kazi ya kila siku ya ZECO. Hapo bajeti na uteuzi vinakutana.

Baraza haliwezi kumzuia mwenyekiti asiingie, ila linaweza kuuliza amefanya nini baada ya kuingia. Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 112, inaweka ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti yake inakabidhiwa kwa Rais, kisha inafika barazani.

Kutoka hapo inachukuliwa na kamati inayochunguza hesabu za Serikali na mashirika, maarufu kama PAC. Kamati hiyo inaweza kuwaita watendaji, kutaka nyaraka na kwenda kuangalia kazi ilipofanyika, Pemba ikiwemo. Baraza pia linaweza kuunda kamati teule kuchunguza jambo maalum.

Udhaifu wake ni wakati. Usaili wa kabla unazuia hasara, ukaguzi wa baada unaihesabu. Mkaguzi akigundua leo kwamba shirika lilinunua mashine mbovu, mashine imeshalipwa. Na kumuondoa mwenyekiti kunabaki kwa yule yule aliyemteua.

Mwananchi wa Pemba aingie wapi?

*Kabla ya bajeti.* Mjumbe anahitaji hoja mapema, kamati zinapoanza kuchambua makadirio, si siku ya kura. Kisiwa kina wajumbe wa majimbo tisa Kaskazini, kutoka Konde hadi Mtambwe, na tisa Kusini, kutoka Ole hadi Kiwani. Ujumbe wenye jina la mradi, shehia na mwaka ulioahidiwa una uzito kuliko malalamiko ya jumla.

*Wakati wa mkutano.* Fuatilia hotuba ya wizara inayokuhusu. Tafuta mradi wako kwa jina. Kama haumo, hauna pesa mwaka huo, hata kama ulitajwa kwenye mkutano wa hadhara.

*Baada ya Julai.* Kila wizara ina Afisa Mdhamini Pemba. Huyo ndiye wa kuulizwa pesa zimetoka kiasi gani na mkandarasi amefikia wapi, bila ya kupanda boti kwenda Unguja.

*Ripoti ya ukaguzi ikitoka.* Angalia kama shirika linalokuhudumia limetajwa. Kisha muulize mjumbe wako jambo moja: PAC imeita nani, na kilichoagizwa kimetekelezwa?

Kubadilisha utaratibu wenyewe, ili wateuliwa wa bodi wahojiwe kabla, si lazima kuanze na Katiba. Kwa kuwa bodi nyingi zimeundwa na sheria za mashirika, kifungu cha usaili kinaweza kuingizwa kwenye sheria ya shirika moja, likawa la kujaribia. Mswada huo ungepigiwa kura Chukwani, na wajumbe 18 wa majimbo ya Pemba ni miongoni mwa watakaoamua.