Moto Usiobisha Hodi

Moto waliouzoea babu zetu ulikuwa moto wenye adabu. Ulibisha hodi kabla ya kuingia. Mtu akilisogelea jiko kupita kiasi, joto humtangulia usoni na kumwambia: hapo hapo, usije zaidi. Mtoto akigusa kaa mara moja, amehitimu. Hahitaji mwalimu wa pili. Moto ninaotaka kuuzungumzia katika kurasa hizi chache hauna adabu hiyo. Ni moto wa kuchomelea vyuma kwa umeme. Huingia jichoni mchana kimya kimya, na mwenye jicho hupata habari zake usiku, akiwa kitandani.

Hapa Bungu moto huo si mgeni tena. Kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, jirani na wauza machungwa, korosho na mihogo, hukosi kukuta banda la mabati ambamo mageti, vitanda na madirisha ya nondo yanaundwa. Bodaboda iliyokatika fremu huletwa hapo, na toroli lililovunjika shingo hutibiwa hapo. Ni kazi ya heshima, na naiheshimu. Kijiji kisicho na fundi wa vyuma hubeba kila kilichovunjika hadi mjini. Lakini kila nionapo kijana amepiga magoti mbele ya mwanga ule wa samawati, amevaa miwani ya jua ya kununua mnadani, nami najua kwamba hatari yake ilikwisha kuandikwa vitabuni zaidi ya miaka mia moja iliyopita, hujiuliza: elimu hiyo ilikwama wapi njiani?

Tuanze na mhunzi. Nchi hii iliyeyusha na kufua chuma karne nyingi kabla ya meli za Ulaya kutia nanga pwani. Wafipa na Wahaya, kwa kuwataja wawili tu, walikuwa na tanuri zao, mivukuto yao na miiko yao. Mhunzi alijua kuusoma moto kwa macho: rangi ya chuma ilimwambia lini apige nyundo na lini arudishe kaani. Alikodolea macho moto wake maisha yake yote, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwa hiyo fundi wa leo anapotazama pale chuma kinapoyeyuka, anafuata desturi ya kale kabisa ya ufundi. Jicho ndilo kipimo cha fundi. Balaa ni kwamba moto umebadilika na desturi haikubadilika.

Wazee wa Rufiji wanayo hadithi nyingine ya chuma, nayo imo katika historia ya dunia. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Baada ya hapo mtambo wake ukaharibika, ikajificha katika mikono ya delta ya Rufiji, ndani ya mikoko. Delta haikuwa na karakana ya kutengeneza mtambo wa meli. Vipande vilivyoharibika vilisafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Mwendo wote huo kwa ajili ya vyuma vilivyovunjika! Meli yenyewe haikutoka tena. Ilimalizwa humo humo mtoni tarehe 11 Julai 1915, na mabaki yake yakaja kukatwakatwa na wauza vyuma chakavu miaka ya 1963 hadi 1965.

Nataja kisa hicho kwa sababu wakati ule ule, mbali na hapa, njia ya kuunga chuma papo hapo kilipovunjikia ilikuwa imekwisha kupatikana. Mrusi Nikolai Benardos, katika miaka ya 1880, alitumia fimbo ya kaboni na umeme kuyeyusha chuma. Mwenzake Nikolai Slavyanov akaonyesha mwaka 1888 kwamba fimbo yenyewe yaweza kuwa ya chuma, ikayeyuka na kujaza ufa. Kisha Msweden Oscar Kjellberg, aliyesumbuliwa na boila za meli zilizovuja, akagundua kuipaka fimbo dawa inayolinda chuma kinapoyeyuka. Mwaka 1904 alianzisha kampuni ya ESAB. Stiki anayoitumia fundi wa Bungu leo, yenye ganda lake la kijivu, ni kitukuu cha fimbo ile. Mwaka 1917 Wamarekani walizitengeneza kwa ufundi huo meli za Kijerumani zilizokuwa zimekwama katika bandari zao, ambazo mabaharia wake walikuwa wameivunja mitambo kwa makusudi. Mwaka 1920 Waingereza wakashusha majini Fullagar, meli ya baharini iliyochomelewa mwili mzima pasipo ribiti.

Hiyo ndiyo historia ya mashine, nayo ni ya kujivunia. Iko historia ya pili, ya jicho, na cha ajabu ni kwamba ni kongwe kuliko ya kwanza. Mwaka 1858, kabla Benardos hajaunga chuma chochote, tabibu wa Paris aitwaye Jean-Martin Charcot alieleza kisa cha wanakemia wawili waliokuwa wakifanya majaribio kwa cheche kali za umeme. Macho yao yaliuma, na ngozi za nyuso zao zikawa nyekundu kama za mtu aliyeshinda juani. Mwaka 1889 Msweden mwingine, daktari wa macho Johan Widmark, alithibitisha kwa majaribio kwamba mwenye kosa si joto. Ni miali isiyoonekana, iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani, ambayo wataalamu wetu wa Kiswahili wameipa jina la urujuanimno. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulitangulia kazi, na maelezo yake yalikuwapo ufundi huu ulipokuwa bado mchanga. Mashine ikasafiri haraka, ikavuka bahari, ikashuka bandarini, ikafika hadi chini ya mikorosho yetu. Elimu yake ikaachwa nyuma.

Tuieleze basi, kwa kuwa si ngumu. Fundi anapogusisha stiki na chuma kisha akaiinua kidogo, umeme huruka lile pengo na kuwaka. Joto la hapo hupita nyuzi 5,000 za Selsiasi, na mwanga wake ni kama kijua kidogo kilichoshushwa hadi hatua moja kutoka usoni. Jirani zetu wa Kenya huwaita mafundi wa aina hii jua kali, kwa kuwa hufanya kazi juani bila kivuli. Fundi wa kuchomelea anayo majua mawili, na lile dogo ndilo baya zaidi. Miali yake isiyoonekana hunyonywa na utando angavu ulio mbele ya mboni, ikaunguza ngozi ya juu ya utando huo. Wakati huo hasikii chochote. Hupita saa nyingi, mara nyingi kati ya 6 na 12, ndipo ile ngozi iliyoungua inapoanza kubanduka, na mtu huamka akiona kana kwamba amemwagiwa mchanga machoni. Machozi yanamtoka, taa haitazamiki, na kope hazifunguki.

Aghalabu maumivu hayo huisha kwa siku moja au mbili, na hapa ndipo penye mtego. Kwa kuwa yamekuja usiku, hayaonekani kuwa ya kazi ya mchana. Na kwa kuwa yameondoka yenyewe, huhesabiwa kuwa ni sehemu ya ufundi. Nilipata kumuuliza kijana mmoja mwanagenzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Macho yamekuwaje?"

"Ni kazi tu, babu. Fundi anasema kila anayejifunza lazima alale nayo usiku mmoja au miwili."

Msomaji ataona jinsi jeraha lilivyogeuzwa kuwa jando. Kijana amefundishwa kulihesabu kama karo ya kuingilia kazini, na anaona fahari kulilipa.

Miwani ya jua haimkingi, na ni vizuri ieleweke kwa nini. Kwanza, weusi wa kioo na uwezo wa kuzuia urujuanimno ni mambo mawili. Kioo chaweza kuwa cheusi kikapitisha miali hiyo. Pili, mboni hutanuka gizani, hivyo kioo cheusi kibovu hufungua mlango kwa kile kisichozuiwa. Tatu, mwanga wenyewe unaoonekana ni mkali kiasi cha kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho. Kioo cha kazi hii hupewa namba ya ukali, na kwa stiki za kawaida hutakiwa namba 10 hadi 12. Hukaa katika kinyago kinachofunika uso wote na shingo, kwa kuwa ngozi nayo huungua. Kuvaa miwani miwili ya jua kwa pamoja, jambo nililoliona kwa macho yangu, ni kujidanganya mara mbili.

Tiba nazo zina hadithi zake. Wapo wanaoweka vipande vya viazi machoni, wapo wanaodondoshea maziwa. Ubaridi wa kiazi waweza kumpoza mtu, lakini maziwa machoni huweza kuleta vijidudu penye kidonda. Hatari zaidi ni yule anayepewa matone ya ganzi akaendelea kujitilia nyumbani kila yanapokwisha nguvu. Matone hayo yakirudiwa huzuia utando usipone na yanaweza kuuharibu kabisa. Kitambaa baridi juu ya kope, chumba chenye giza, kutofikicha, na kwenda zahanati: hayo ndiyo ya kushika.

Jicho si peke yake. Moshi nao haubishi hodi. Fundi akichomelea bomba au bati lililopakwa zinki, jioni hupatwa na homa, baridi na kiu, na kwa kuwa kwetu kila homa huitwa malaria, hunywa dawa ya malaria. Kesho yake ni mzima, naye hushukuru dawa isiyohusika. Kwingineko maradhi hayo yaliitwa homa ya Jumatatu, kwa kuwa mwili huuzoea moshi katikati ya juma na kuusahau siku ya mapumziko. Hiyo ni homa ipitayo. Mwaka 2017 jopo la shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka moshi wa kuchomelea, na urujuanimno wake, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mwembe si karakana duni kama watu wadhanivyo. Upepo wake una faida kuliko chumba kilichofungwa, mradi fundi akae upande ambao moshi haumjii usoni.

Sheria zipo. Tanganyika ilikuwa na sheria ya viwanda tangu mwaka 1950, na Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003. VETA, iliyoundwa mwaka 1994, hufundisha ufundi huu pamoja na kinga zake. Mabomba ya gesi nayo yamepita katika nchi hii ya Rufiji, lile la Songo Songo lililofikisha gesi Dar es Salaam mwaka 2004 na lile la Mtwara lililozinduliwa mwaka 2015. Bomba kama hayo huungwa kwa ufundi ule ule wa kuchomelea, na hakuna mradi mkubwa utakaomruhusu mchomeleaji apige stiki bila kinyago. Tofauti ya mtu wa bomba na mtu wa geti si umeme wala chuma. Ni kwamba mmoja ana mwajiri anayeogopa kuulizwa, na mwingine ana mteja anayeuliza bei tu.

Basi nasi wateja tumo. Kioo cha kinyago hakizidi bei ya geti, wala hakifiki hata robo ya bei hiyo. Tunapobishana na fundi hadi senti ya mwisho, tujue tunakata kutoka wapi. Mzazi anayempeleka mwanawe kwa fundi na aulize kinyago kiko wapi kabla hajauliza kijana atalipwa nini. Na watoto wanaosimama njiani kutazama waondolewe, kwa kuwa mwali hauchagui fundi na mpita njia.

Namfahamu fundi mmoja wa hapa ambaye, kabla ya kugusisha stiki, hutamka kwa sauti neno moja: "Macho!" Wasaidizi hugeuka, watoto hujifunika kwa viganja, hata muuza machungwa hugeuza shingo. Hakuyasoma ya Charcot wala ya Widmark. Ameuona ubaya wa moto huu kuwa ni kutobisha hodi, akaamua kuubishia yeye. Neno hilo halina gharama. Laiti lingesafiri pamoja na mashine tangu siku ya kwanza. Lakini halijachelewa mno kwa kijana anayeanza kazi kesho asubuhi.